Tunahesabu Aina ya Mfuko, Hatuhesabu Safari Zake

Nailoni imerudi Dar es Salaam, na hakuna anayeificha. Pita Buguruni jioni, pita Tandika, Mabibo au pembeni mwa Kariakoo, utaiona imetundikwa kwenye misumari ya meza za wauza nyanya: ile laini inayoonyesha kilichomo, isiyo na mikono wala jina la kiwanda. Wanaolijadili jambo hili wamegawanyika. Wapo wanaosema katazo la mifuko ya plastiki la mwaka 2019 limeshakufa, kilichobaki ni kulizika. Wapo wanaotaka maofisa warudi sokoni na vitabu vya faini. Kwa maoni yangu wote wanaisoma vibaya hali hii. Kurudi kwa nailoni kunatueleza namna mkazi wa jiji hili anavyonunua mahitaji yake ya kila siku, na namna hiyo haikuwahi kuingia kwenye hesabu za waliotunga katazo. Kilichobadilishwa ni kitu cha kubebea. Ununuzi wenyewe uliachwa vilevile. Mfuko wa kutumia tena na tena utashika mizizi Dar siku utakapoingia kwenye safari ya mnunuzi wa jioni. Kwa sasa karibu kila tunachofanya kinamlenga mtu mwingine, yule anayetoka nyumbani Jumamosi na orodha mkononi, anaegesha gari supamaketi na kurudi na mzigo wa wiki nzima.

Tukumbushane ilivyoanza. Aprili 9, 2019, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilitangazia Bunge kwamba ifikapo Juni 1 mwaka huo mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa itakuwa marufuku. Hatukuwa wa kwanza. Zanzibar ilishapiga marufuku mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya Agosti 2017. Safari hii kanuni zilikuja na meno: anayekutwa na mfuko faini ya shilingi 30,000 hadi 200,000 au kifungo kisichozidi siku 7, na mzalishaji anaanzia milioni 20 hadi bilioni moja. Haki ya katazo lile isemwe: lilifanya kazi. Aliyeyaona maeneo ya Jangwani na kingo za Mto Msimbazi kabla ya hapo anakumbuka rambo, mifuko hiyo ya plastiki, zilivyonasa kwenye matete na kwenye nyaya za uzio, na mitaro iliyofurika kwa mvua ya nusu saa. Ndani ya wiki chache rambo nyeusi ilitoweka mikononi mwa watu. Anayesema katazo lilishindwa tangu siku ya kwanza ana kumbukumbu fupi, au anauza nailoni.

Hata hivyo, kanuni ziliacha milango miwili wazi. Wa kwanza ni vifungashio. Plastiki ya kufungia bidhaa za viwandani, za kilimo, za tiba, za ujenzi na vyakula vilivyosindikwa haikukatazwa, na sioni ingekatazwaje, maana mkate wa kiwandani na pakiti ya mbegu lazima vifungwe kwa kitu. Nailoni iliyotundikwa kwenye msumari leo imepitia mlango huo: kifungashio kilichohamishiwa kazi ya mfuko. Mlango wa pili ni mfuko mbadala wenyewe, ule wa rangi rangi unaofanana na kitambaa. Wengi wanaamini kweli ni kitambaa. Ni polipropilini, plastiki ya ukoo mmoja na viroba vya mchele, iliyovutwa ikawa nyuzi kisha zikagandishwa pamoja kwa joto bila kufumwa. Kiwango kinachotakiwa nchini ni uzito usiopungua gramu 70 kwa kila mita ya mraba. Sasa piga hesabu mwenyewe. Mfuko wenye upana wa sentimita 35 na kimo cha sentimita 40, ukijumlisha pande zote mbili, unakula plastiki ya karibu gramu 20 kabla hujaweka mikono. Rambo ya ukubwa huohuo, yenye unene wa mikroni 15 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), ilikuwa na gramu kama 4. Maana yake, mtu anayenunua mfuko mbadala kila jioni na kuutupa anatupa plastiki mara tano ya aliyokuwa akitupa enzi za rambo. Nafuu inaanza baada ya safari ya tano, na hapo tunahesabu uzito tu.

Ulaya wamepiga hesabu pana zaidi, za kuanzia kiwandani hadi jalalani. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Uingereza ya mwaka 2011 ilisema ili mfuko ulingane na rambo iliyotumika mara moja katika kuongeza joto la dunia, wa karatasi utumike mara 3, wa polipropilini kama hii yetu mara 11, na wa pamba mara 131. Denmark mwaka 2018 walitoa namba ya kutisha: ukijumlisha kila aina ya athari, mfuko wa pamba ya kawaida unatakiwa kutumika mara 7,100. Namba hii inapendwa sana na watetezi wa nailoni, inasambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp kana kwamba imemaliza ubishi. Haimalizi. Imetokana na kipimo kimoja tu kati ya vingi, athari kwa tabaka la ozoni. Kwa upande wa tabianchi ripoti hiyohiyo inasema mara 52. Tena imewekwa kwenye nchi ambako mfuko wa plastiki unageuzwa mfuko wa taka, kisha unachomwa kwenye mtambo unaozalisha umeme na joto, na takataka zinazotupwa ovyo hazikuingizwa kabisa kwenye hesabu. Hapa kwetu taka zenye bahati zinafika dampo la Pugu Kinyamwezi. Zisizo na bahati zinaingia mtaroni, zinafuata Msimbazi, zinaishia baharini. Namba ya Copenhagen haiwezi kuhukumu mtaro wa Vingunguti. Ninachokichukua kutoka ripoti zote mbili ni mpangilio wa mambo: kinachoamua ni mara ngapi mfuko umetumika, na kile ulichotengenezwa nacho kinafuata nyuma yake.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naipa uzito. Inasema hivi: hata kama mfuko mbadala unatumika mara moja, ni mzito, haupeperuki, unaonekana, unaokotwa, kwa hiyo mitaro imepona na lengo limetimia. Kwa kiasi kikubwa ni kweli, na mtu wa mabondeni hatakubali umwambie rambo na mbadala ni mamoja. Lakini hoja hii inaangalia mwezi wa kwanza wa maisha ya mfuko. Uache juani kwenye uwanja wa Dar uone: rangi inapauka, unakakamaa, ukiushika unachanika kama karatasi iliyoungua, kisha unapukutika kuwa nyuzi ambazo hakuna mwokota taka atakayeziinamia. Kenya waliliona mapema; mamlaka yao ya mazingira ilitangaza mwaka 2018 kuizuia mifuko ya aina hii kwa sababu iliyokuwa sokoni ilikuwa hafifu, haidumu hata kutumika tena. Sisi tumeendelea kuuziana.

Sasa mtazame mnunuzi mwenyewe. Ametoka kazini Posta, ameshuka mwendokasi Kimara au daladala ya Mbagala Rangi Tatu, saa moja na nusu usiku. Hakupanga kununua kitu. Ameamua pale kituoni, baada ya kupiga simu nyumbani kuuliza kuna nini. Fungu la nyanya, vitunguu, hoho na karoti, dagaa wa kupima kwa kopo, nazi iliyokunwa, robo ya maharage. Kila kitu kina meza yake na mwenyewe. Mama wa nyanya anakipuliza kifuko mdomoni kifunguke, anamimina, anapiga fundo, anakabidhi. Yote hayo bila kukatisha mazungumzo na jirani yake. Nazi inachuruzika tui, haiwezi kuchanganywa na vitunguu. Dagaa hawawezi kukaa na nazi. Mwisho vifuko vyote vinatumbukizwa kwenye mfuko mbadala wa mia tatu, aliouuziwa na kijana anayepita na rundo begani. Akifika nyumbani, vifuko vinakwenda kwenye ndoo ya taka usiku huohuo, na mfuko mbadala unakunjwa nyuma ya mlango wa jikoni walipo wenzake. Asubuhi anaondoka bila hata mmoja, kwa kuwa asubuhi hana mpango wa kununua chochote.

Katika simulizi hiyo hakuna uzembe wala kiburi. Uamuzi wa kubeba mfuko unatakiwa saa kumi na moja alfajiri, uamuzi wa kununua unafanyika saa moja na nusu usiku, na katikati kuna siku nzima ya kazi. Ili mfuko uwepo jioni lazima uwe kitu ambacho mtu hubeba bila kukikumbuka, kama simu. Mfuko mbadala hauko hivyo. Ukiukunja unajikunjua, unajaza pochi, na mwanaume wa Dar asiyebeba pochi hana pa kuuweka kabisa. Mfuko mwembamba wa kitambaa unaokunjika ukawa sawa na leso unaingia mfuko wa nyuma wa suruali. Fundi cherehani yeyote wa mtaani anaushona kwa dakika chache kutoka kwenye mabaki ya vitenge ambayo vinginevyo angeyafagia, na ile hesabu ya pamba mara 131 haiuhusu sana, kwa kuwa hakuna pamba mpya iliyolimwa kwa ajili yake.

Hapa ndipo nisipokubaliana na wanaotuita turudi kwenye vikapu vya ukindu. Navipenda, na anayekwenda sokoni Jumamosi kutoka nyumbani hana chombo bora kuliko hicho. Kinapitisha hewa, hakimwagi, kinakaa miaka. Lakini kikapu kilikuwa cha mtu aliyetoka nyumbani kwenda sokoni na kurudi nyumbani. Kipandishe mwendokasi asubuhi, abiria wamebanana hadi mlangoni, kisha kikae chini ya meza ya ofisi hadi jioni. Wanaokitetea mitandaoni, nina wasiwasi, wengi wao hawakibebi.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosemwa sana kwenye semina, ni kwamba wananchi hawana elimu ya mazingira. Watu wa kipato cha chini katika jiji hili wanatumia tena vitu kuliko yeyote anayewaendeshea semina. Mama lishe anayekwenda Ilala alfajiri anarudi na salfeti ileile aliyoitia viraka mara kadhaa. Dumu la mafuta likiisha linakuwa la maji, likipasuka linakatwa linakuwa chombo cha kupandia mchicha. Chupa ya soda inakuwa ya kununulia mafuta ya taa, mtoto anatumwa kwa Mangi na bakuli au chupa akanunue mafuta ya kula ya kupima. Hakuna aliyewapa elimu ya kurudia chombo. Waliirithi, na ugumu wa maisha ukaitunza. Chombo kinarudiwa pale kinapokuwa na thamani kuliko kazi ya kukibeba. Mfuko wa mia tatu unaokatika mikono ukiweka kilo mbili za mchele na moja ya sukari hauna thamani hiyo, na bango la kuhamasisha halitaupa.

Ndugu yake hoja hiyo ni ile ya kwamba katazo linamwonea maskini. Hii ina ukweli ndani yake, ila unaelekezwa pasipo. Anayebanwa zaidi ni muuzaji. Faida yake kwenye fungu la nyanya la elfu moja ni ndogo mno. Akitoa mfuko mbadala bure ameila faida, akiutoza mteja anahamia meza ya pili hatua mbili mbele. Nailoni inayouzwa kwa pakiti inamgharimu kidogo sana kwa kila mteja, na ndiyo inayomtofautisha na jirani yake. Ofisa akipita na faini anamwadhibu mtu ambaye peke yake hawezi kuacha, kwa kuwa meza za jirani hazijaacha. Ukitaka nailoni iondoke sokoni, shughulika na anayeiingiza kwa katoni Kariakoo, maana yeye anahesabika na ana stoo. Kumkimbiza mama wa Tandika na ndoo yake ya nyanya ni kazi rahisi inayoonekana kwenye picha, na kesho yake mambo yanarudi palepale.

Wengine wanapendekeza tufuate Ayalandi, ambao Machi 2002 waliweka tozo ya senti 15 kwa kila mfuko na matumizi yakashuka kwa zaidi ya asilimia 90, au England, ndani ya Uingereza, walioanza na peni 5 mwaka 2015 na kupandisha hadi peni 10 mwaka 2021. Ni sera nzuri kwa mazingira yake. Tozo inahitaji kaunta, risiti na mtu wa kukagua vitabu. Kwenye supamaketi zetu na maduka makubwa iwekwe, na yale yanayogawa mifuko bure ili kutangaza jina yaache. Ila genge halina kaunta. Sehemu kubwa ya chakula cha wakazi zaidi ya milioni 5.3 waliohesabiwa mwaka 2022 inapita kwenye meza, mikokoteni na maduka ya mtaani, ambako bei inapatanwa kwa mdomo na mfuko ni sehemu ya maelewano.

Na kwa kuwa ni maelewano, tuna chombo ambacho Ayalandi hawana: nyongeza. Kila mnunuzi wa Dar anaidai na kila muuzaji mwenye akili anaitoa. Nyanya moja juu ya fungu, kitunguu kidogo, pilipili mbili. Mteja akifika na mfuko wake amemwokolea muuzaji nailoni. Ni haki kabisa adai nyongeza kwa hilo, na muuzaji hapotezi kitu cha maana: anatoa nyanya iliyoanza kulainika, ambayo kesho ingekuwa ya kutupa. Viongozi wa masoko wanaweza kulianzisha hili bila kanuni mpya wala bajeti. Sidhani kama litafika kila meza. Litafika kwa wenye wateja wa kudumu, na mnunuzi wa jioni kwa kawaida ana mama wake wa nyanya, anayemkopesha hata mwisho wa mwezi.

Linabaki tatizo la vitu vya majimaji, na hapa sijifanyi nina jibu lililokamilika. Vitu vikavu vinaweza kumiminwa pamoja kwenye mfuko mmoja. Nyanya na vitunguu havina ugomvi. Nazi iliyokunwa, samaki wa Feri, utumbo na dagaa wabichi vinadai chombo chenye mfuniko, na hakuna anayekwenda kazini na kopo tupu kila siku. Ningekuwa natunga kanuni, ningekubali kwa muda nailoni ibaki kwa vitu hivyo tu na ning'ang'anie ivuliwe kwenye nyanya, vitunguu, viazi, ndizi na mboga za majani, ambazo mchicha wake tayari umefungwa kwa kamba na hauhitaji chochote zaidi. Wanamazingira wenzangu watasema ni kulegeza. Lakini katazo linalotaka kila kitu kwa siku moja ndilo lililotufikisha kwenye misumari ile ya Buguruni.

Jambo la haraka zaidi, hata hivyo, liko kwenye kiwango cha mfuko mbadala. Gramu 70 kwa mita ya mraba inapima unene wa malighafi kabla haijawa mfuko. Haisemi mikono ikatike kwa kilo ngapi, wala mshono wa chini ubebe safari ngapi kabla ya kuachia. Kiwango kinachomfaa mnunuzi kingetaka mfuko ujazwe mzigo, unyanyuliwe na kushushwa mara mia na zaidi, uloweshwe, uanikwe juani, na idadi ya safari unazohimili iandikwe ubavuni kama tarehe ya mwisho wa matumizi inavyoandikwa kwenye maziwa. Mtu akisoma "safari 10" kwa mia tatu na "safari 100" kwa elfu moja atafanya hesabu yake mwenyewe pale kituoni. Watengenezaji watalalamika, na sababu yao inaeleweka: mfuko usiokatika hauuzwi kila jioni, na biashara ya kijana mwenye rundo begani, pamoja na ya anayemletea rundo hilo, inategemea sote tutoke nyumbani kesho mikono mitupu.